Risasi za Kunguru

Baba alichagua risasi kwa kidole gumba. Muuza duka alikuwa amemimina chache kutoka kila kikopo juu ya kaunta ya kioo, na baba, ambaye tangu mwaka uliopita hakuweza kuutofautisha uso wangu na wa mama, akawa anazipapasa moja moja kama anayechambua mchele. Za kichwa bapa akazisukuma pembeni. Za mviringo akazisukuma pia. Alipofika kwenye zile za ncha, akaichomeka ncha kwenye nyama ya kidole, akatabasamu.

"Hizi ndizo," alisema. "Hizi nnazijua."

Tulikuwa Wadi Kabir, huku Omani, kwenye duka moja linalouza ndoana, nyavu, visu na vitu vya kuwindia, katikati ya gereji. Tulikwenda kwa sababu ya kunguru. Mama hufuga kuku nyuma ya nyumba yetu ya Qantab, na kila kuku akiangua, kunguru hujipanga ukutani kama wageni wa harusi wanaosubiri sinia. Safari ile, katika vifaranga kumi na mmoja walibaki wanne. Mama alisema wakiisha hao wanne yeye atahamia Unguja. Baba akamkumbusha kwamba Unguja ndiko kwenye kunguru zaidi.

Bunduki yenyewe ni ya upepo, ya baba, na kibali chake kimo kwenye droo moja na pasipoti. Mimi ndiye baba aliyemfundisha kuilenga, si kwa kuwa nilikuwa hodari, ila kwa kuwa kaka zangu walimshinda. Mmoja anaishi nje, na mwengine hata akichinja kuku hufumba macho, jambo ambalo ni hatari kwa vidole vya anayemshikia. Nikabaki mimi, mwanamke wa miaka arubaini na saba, mkaguzi wa mafaili wizarani, niliyevaa miwani.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo bado linanichoma. Miezi mitatu kabla ya siku ile nilimpeleka baba kwa daktari wa macho. Alipomaliza kumpima, daktari alinitoa nje akaniambia kwamba ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha potea hakirudi, jicho la kulia wala la kushoto. Dawa ya matone ingelinda tu mwanga mdogo uliobaki. Usiku huohuo tukakaa kwenye simu, mimi, mama na kaka zangu, tukakubaliana asiambiwe. Tutamvunja moyo bure, tulisema. Asubuhi nikamwambia, "Baba, dawa inataka muda." Tangu hapo akawa anatia matone yake bila ya kukosa, kisha anageukia dirisha na kuuliza leo ni siku ya ngapi. Mara nyengine alisema, "Leo naona kama kuna nafuu." Sisi tukamjibu, "Alhamdulillahi." Nasema ukweli, kila nikilitamka neno lile nilijichukia.

Basi pale dukani muuza duka, Mwomani wa makamo, alimuuliza kwa Kiarabu, akimwita walid kama tunavyowaita wazee huku, "Walid, mnapiga nini?"

"Kunguru."

Yule bwana akaziangalia zile risasi za ncha, kisha akaniangalia mimi. Nilijua anachotaka kusema, maana nilikwisha yasoma hayo siku nyingi. Risasi ya ncha hupenya na kutokea upande wa pili, na inaacha tundu dogo tu. Ile bapa haipenyi sana. Humgonga ndege na kumwachia nguvu yake yote ndani, akaanguka palepale.

Na baba si kwamba hakujua bunduki. Ujana wake wa shamba, Unguja, aliwapiga hua na njiwa kwa ajili ya chungu. Kwa watu kama sisi ndege wa kuliwa lazima kisu kimuwahi, kwa hiyo mpigaji mwema ni yule anayemwangusha ndege akiwa bado hai, nyama haikuchanika, kisha anakimbia na kisu na bismillahi yake. Ncha ilikuwa ndiyo risasi ya mcha Mungu. Ila kunguru haliwi. Hakuna kisu kinachomngojea. Huyo anatakiwa afe kabla hajajua kuwa amepigwa, na baba, kwa mazoea ya miaka, alikuwa akimchagulia risasi ya kumbakisha hai.

Muuza duka alifungua mdomo. "Lakini, walid, kwa kunguru watu huchukua..."

Nikamkonyeza. Nikatikisa kichwa kidogo, vile tunavyofanya mbele ya mgonjwa. Akameza maneno yake, akafunga kikopo cha za ncha kwenye mfuko. Nilijiona mtoto mwema sana. Nilijipongeza njia nzima.

Kesho yake asubuhi baba alikaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, mama akawafungia kuku ndani. Mbele yetu palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta mlima mtupu. Kunguru mmoja mkubwa akaja akasimama juu ya ukuta kwa kiburi chake chote.

"Vuta pumzi," baba alininong'oneza. "Itoe nusu. Sasa usiwe na haraka."

Nilipiga. Manyoya yaliruka, na nikaona wazi kabisa kwamba nimempata kifuani. Lakini kunguru hakuanguka. Aliyumba, akapiga mabawa kwa upande mmoja, akavuka ukuta na kwenda kutua kwenye mkunazi uliootea juu kwenye miamba, ndani kabisa ya miba.

"Kafa?" baba aliuliza.

"Kafa, baba."

Sikufikiri hata kidogo. Uongo ule ulitoka mwepesi, maana nyumbani tulikwisha kuuzoea.

Kunguru yule alilia mchana kutwa. Wenzake walikuja wakamzunguka kwa kelele, wakachoka, wakaenda zao, naye akabaki analia peke yake kwa sauti iliyokwaruza. Baba alikaa barazani akisikiliza, tasbihi mkononi. Siku ya pili sauti ilikuwa imepungua, lakini ilikuwapo. Mama alinitazama tu, akaingia jikoni. Alasiri sikuweza tena. Nikavaa raba, nikapanda miambani na bunduki, nikachanwa mikono na ile miba mpaka nikamfikia. Alikuwa ameshikilia tawi kwa mguu mmoja, tundu la risasi dogo kama la sindano. Aliniangalia. Nikampiga kwa karibu, kichwani, na nikalia kama mpumbavu, mimi niliyekula kuku mchana.

Niliporudi, baba hakugeuka.

"Ndo yule wa jana?"

"Ndiye."

"Dukani yule bwana alitaka kunambia kitu. Nilimsikia akianza, kisha akanyamaza. Ulimfanya nini?"

"Nilimkonyeza."

"Kwa hivo ulijua kama zile si risasi zake."

"Nilijua."

"Na ukaniacha nkazinunua."

"Sikutaka kukuvunjia heshima mbele ya mtu, baba."

Alizivuta punje za tasbihi mbili tatu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Heshima ukanipa mie, mateso akayapata kunguru," alisema. "Siku mbili nnamsikia pale juu. Nkawa najisemea, huyu mwanangu hawezi kunidanganya, huyo atakuwa kunguru mwengine."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Na daktari?" baba aliuliza. "Siku ile alipokutoa nje. Alikwambia nini?"

Nilimtazama mama. Mama akainamisha uso. Nikakaa chini, sakafuni, karibu na miguu ya baba, bunduki bado mapajani kwangu.

"Alisema yalokwenda hayarudi, baba."

"La kulia?"

"La kulia na la kushoto."

"Na hii dawa?"

"Inalinda huu mwanga ulobaki tu."

Aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akaitoa ile chupa ndogo ya matone, akaigeuzageuza kwenye vidole vyake.

"Mama ako anajua?"

"Anajua."

"Na kaka zako?"

"Wote wanajua. Tangu siku ileile."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia na sasa ameielewa.

"Basi," alisema, "siku zote hizi nilikuwa nnangoja peke yangu."