Nguo za Begi na Nguo za Kabati

Juzi binti yangu aliniwekea simu mbele ya macho nikiwa nachambua maharagwe. Kulikuwa na mama mmoja, sijui wa nchi gani, anapanga kabati lake la shuka. Mataulo ameyaviringisha, shuka amezipanga kwa rangi kuanzia nyeupe mpaka buluu, na kila rafu ina kikapu chake na kibandiko chake. Binti yangu anataka na sisi tufanye hivyo hapa nyumbani. Nikamwambia shuka zetu zote ni za rangi moja, ile ya kuchujuka. Akacheka akaenda zake, lakini mimi mkono ulikuwa umeshasimama ndani ya maharagwe. Nilikuwa nimeanza kunusa naftalini, vile vidonge vya kabatini.

Kama ulilelewa na bibi, utanielewa. Wangu alikuwa mzaa mama, sote tukimwita Koko, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa Kavimvira, upande wa chini, karibu na ziwa kiasi kwamba asubuhi tuliamshwa na wavuvi wakigombania nyavu. Chumbani kwake kulikuwa na kabati la mbao nyekundu, pana kuliko kitanda, na mlango wake mmoja haukukubali kufunga mpaka uubane kwa karatasi iliyokunjwa. Koko alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Hakuhangaika na viti wala mapazia ya sebuleni. "Ukitaka kujua nyumba ya mutu," alizoea kusema, "usiangalie saloni. Fungula kabati."

Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Tulishusha mabeseni mpaka ziwani, tukasugua kwa sabuni ya mawese, tukaanika juu ya majani huku tukifukuza mbuzi wa jirani, ambao walipenda shuka zetu kuliko nyasi zao. Jioni pasi ya makaa ilipita, na hapo ndipo Koko alipoanza ukali wake. Shuka ilikunjwa mara tatu kwa urefu, pindo zikaingia ndani, na mgongo wa mkunjo ulitazama mlangoni, ili uchomoe moja bila kuzisumbua nyingine. Katikati aliweka majani makavu ya mchaichai na naftalini. Ukikunja vibaya hakukupigia kelele. Alikunjua tu, akakurudishia, akangoja.

Rafu ya juu kabisa ilikuwa ya wageni. Huko kulikaa shuka nyeupe zenye maua ya zambarau, alizozitarizi mwenyewe alipokuwa msichana, akifundishwa kushona na masista wa parokia. Sisi hatukuzilalia hata tulipougua. Rafu za chini zilikuwa na wenyewe: moja ya Koko, moja ya mjomba, moja ya mama mdogo na vikwembe vyake, vitenge vinavyonukia manukato.

Mimi sikuwa na rafu. Nililetwa pale nikiwa bado na meno ya utoto, mama yangu alipopanda boti kwenda Kalemie, mbali kusini mwa ziwa, kuuza vikwembe. Alisema atarudi boti ikirudi. Boti zilirudi nyingi. Nguo zangu zilibaki ndani ya begi la buluu lenye zipu mbovu, chini ya kitanda cha Koko, na katika nyumba ile jambo hilo lilikuwa na maana yake. Mtu wa nyumbani nguo zake hulala kabatini. Mgeni nguo zake hukaa begini, kwa sababu kesho ataondoka.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilishapewa, na ufagio, na ndoo, na ndagala, dagaa wetu, za kugeuza juani zisioze. Kilichobaki ni rafu. Niliitaka rafu ile kuliko nilivyotaka nyama. Watoto wa mjomba mwingine walipokuja kucheza na tukagombana, walikuwa na neno moja la kunimaliza: "Weye iko mugeni, nguo yako iko mu begi!" Na ilikuwa kweli.

Siku moja nilimwomba Koko waziwazi. Hakunitazama. "Begi iko bien, iko muzuri pale," alisema. "Mama yako akikuya, tutaibeba tu."

Nilidhani hanitaki. Mtoto atadhani nini kingine? Lakini kila baada ya muda alilivuta begi lile, akatoa gauni zangu zote, akaziosha hata zile safi, akazikunja kwa mkunjo wa kabati na kuzirudisha. Leo nami nimezaa, naelewa alichokuwa akifanya. Alikuwa akimngoja binti yake. Kunipa rafu kungekuwa kukubali kwamba haji tena, na moyo wake ulikuwa haujafika huko.

Halafu kiangazi kimoja nilirudi kutoka shule nikakuta rafu moja tupu, imepanguswa, na vitu vya mama mdogo vimebanwa pembeni. Koko alikuwa amepiga magoti anapanga gauni zangu moja juu ya nyingine. Nilipiga kelele ya furaha nikakimbilia jikoni kumwambia mama mdogo. Nilimkuta ameshika kisu na machozi yanamtoka, na hakukuwa na kitunguu.

Kumbe jirani yetu muuza ndagala alikuwa ameshuka botini asubuhi ile na ujumbe. Mama alikuwa ameolewa Kalemie. Mwanamume yule alikuwa na watoto wake, hakutaka wa mwingine. Koko aliniambia mwenyewe, hakutuma mtu. "Amesema mutoto abakie na minye," alisema, mkono wake ukiwa bado juu ya nguo zangu. "Basi, begi haina kazi tena. Weye iko wa hapa." Niliingiza kichwa ndani ya rafu yangu, nikalia humo mpaka nguo zikalowa. Koko hakunizuia. Alizianika upya kesho yake.

Mama alikuja nilipokuwa nimeingia sekondari, nimeshamzidi Koko kimo. Alikuwa amenenepa vizuri, ana valizi nzuri ya safari na kikwembe kipya, na sauti yake nilikuwa nimeisahau kiasi kwamba nilimwamkia kama ninavyowaamkia wateja wa mama mdogo sokoni. Koko alimpokea bila neno baya. Tulipika samaki wa mikeke, tukasonga ugali wa muhogo. Halafu Koko akaingia chumbani, akanyoosha mkono mpaka rafu ya juu, akatoka na shuka za maua ya zambarau. Mama alikuwa katikati ya habari fulani ya Kalemie. Hakuimaliza. Alizipiga pasi shuka zile utoto wake wote, alijua ni za nani.

Asubuhi nilimkuta uani, ameinama juu ya beseni, anazifua. Kwetu mgeni hafui alicholalia. Akifua ni kama kusema nyumba haina watu. Koko alitokea mlangoni, akanyoosha kidole kwenye shuka.

"Lacha pale, mama. Mugeni hafulaka dra."

"Minye siko mugeni, Mama," alijibu bila kuinua kichwa. "Minye niko mutoto wa hapa."

Mama akasuuza, akainua shuka ya kwanza. Sasa, shuka ya kitanda kikubwa mtu mmoja hawezi kuikamua. Alisokota upande wake, upande wa pili ukaning'inia karibu na mchanga, maji yakimtiririkia miguuni. Alimtazama mama yake. Koko alikunja mikono kifuani. Hapo mama akanigeukia mimi.

Nilikuwa na hasira naye, tena hasira niliyoitunza vizuri. Lakini shuka ilikuwa inashuka. Nilikwenda nikashika upande wa pili. Tukasokota, yeye huku, mimi kule, akavuta kwa nguvu nikakaribia kuanguka, nami nikamvuta hivyohivyo. Maji yalimwagika katikati yetu. Koko alikunjua mikono. "Kamueni muzuri," alisema mwishowe, "ile maua isiguse udongo." Akaingia ndani, na tangu hapo mpaka mama anaondoka hakumwita tena mgeni, wala hakumwita kingine.

Koko ametutoka. Ziwa lilipanda, likala uwanja, likaingia chumbani, na mbao za kabati zikavimba mpaka mjomba akalivunja akatengeneza madirisha. Nguo ziligawanywa matangani, sijui maua ya zambarau yalikwenda na nani. Mama na mimi tunapigiana simu, tunaulizana bei ya ndagala, na habari ya begi hatujawahi kuigusa. Nadhani tulikuwa tunamngoja Koko aianzishe. Hapa kwangu kila mtoto alizaliwa akaikuta rafu yake tayari, wanazichafua wanavyotaka, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba kuna mtu aliwahi kulilia rafu.