Kiganja cha Mama Ukutani

Enzi zetu pale Makongeni, Krismasi haikuanza na nguo za soko la Gikomba wala chapati. Ilianza na vumbi. Baba akitoka kazini reli, anavua shati na kuusugua ukuta kwa msasa hadi chokaa kuukuu itoke, nasi watoto tumejifunga leso puani, tunachekana kwa sababu kila mmoja ameota nyusi za babu.

Kupangusa ilikuwa kazi yetu. Ufagio kwanza, kutoka juu kuja chini, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Halafu Mama anakuja na mtihani wake: anapitisha kiganja ukutani, anakipangusa kwenye sketi yake nyeusi. Weupe ukionekana, tunarudia. "Mkipaka juu ya vumbi, rangi itashika vumbi, si ukuta," alituambia. Sketi ikibaki nyeusi, anamgeukia Baba: "Haya, leteni rangi." Hapo ndipo chai na mandazi yalipotoka, na kwangu Krismasi ilikuwa imefika.

Baba alishatutoka. Mama amebaki peke yake, kifua kinambana, nami naogopa kwamba siku moja ataanguka na asiwepo wa kumwinua. Ndiyo maana nimeigawa sebule yangu hapa mtaa wa Tena kwa ukuta wa jipsam, yale mabamba mepesi yenye uwazi ndani, apate chumba. Lakini kila nikimpigia simu anakataa. "Mimi nilale kwenye boksi?" Mwishowe akakubali kuja kuona tu.

Fundi alipomaliza kupiga msasa maungio ya jipsam, unga mweupe ulitua hata kwenye sufuria. Binti yangu, wa kizazi hiki cha kutaka kila kitu kwa kubonyeza simu, akanyakua brashi.

"Aah, mathe, si tupake tu? Rangi itafunika."

Nikamfunga leso puani. Tulifagia, tukapangusa, tukamwaga maji machafu, tukapangusa tena. Alinung'unika weee, mpaka alipojiona kwenye kioo akaangua kicheko.

Jumamosi Mama akaja. Hakuketi. Aliugonga ukuta kwa kidole, akaguna, "Boksi kweli." Kisha akapitisha kiganja, taratibu, akakipangusa kwenye sketi. Tukainama sote kuitazama. Ilibaki nyeusi.

"Haya, leteni rangi," akasema. "Na kitanda changu kikae karibu na dirisha."

Nilikimbilia jikoni kuinjika chai, machozi yananitoka. Zamani maneno hayo yalituletea Krismasi. Safari hii yameniletea Mama, na Baba hakuwepo kuyasikia.