Fundi wa Mitumbwi na Sanduku la Mazingaombwe

Nilikuwa kwa fundi wa mitumbwi hapa Garsen alipofika mgeni mmoja, mfanya mazingaombwe, na sanduku lake. Baadaye nilikuja kujua kwamba chini lilikuwa na kilango cha siri, na bawaba yake imekatika. Lakini kwa kuilinda siri yake alisema tu, "Fundi, hapa chini pananisumbua."

Fundi akapapasa kwa kidole gumba. "Niachie mimi, bwana."

Siku ya maonyesho mgeni alimtia njiwa sandukuni, akafunika kitambaa, akasoma maneno yake, akafunua. Njiwa alikuwa palepale, akitutazama.

Nimeona kazi nyingi zikiharibiwa na uvivu. Hii iliharibiwa na uhodari. Fundi alikuwa mbele, akipiga makofi peke yake.

"Nimepaziba kwa kalafati," akatuambia. "Hata maji hayapenyi, sembuse njiwa."