Bwana Shamba na Bibo la Tezo

Ndugu msomaji, sogea karibu nikueleze nilivyojiaibisha kijijini Tezo, huko pwani, miaka ya themanini, nilipokuwa bwana shamba mgeni kutoka bara. Siku niliyofika niliambiwa kesho yake nianze kuwafundisha wakulima utunzaji wa mikorosho, nami korosho nilizijua zile za kukaanga tu, za kwenye karatasi.

Jioni nilikwenda kununua mafuta ya taa. Nje ya duka alikaa Mama Kadzo, mmoja wa wakulima hao, na ungo wa matunda mekundu, kila moja limening'iniza chini korosho iliyo ndani ya ganda. Akanipa moja.

"Bibo hilo, mwanangu. Huko kwenu yapo?"

"Tele," nikamjibu. Mwalimu wa mikorosho angesemaje kwamba hajapata kuliona bibo?

Nikafikiri: kinachosifiwa ni korosho, basi hili jekundu ni kikonyo tu. Njiani nikaing'oa korosho, nikalitupa tunda zima, nikaitia korosho hiyo mbichi menoni, nikalipasua ganda. Mafuta yake yakanichoma midomo kama kaa la moto.

Asubuhi nilisimama mbele ya wakulima, midomo imevimba na kujaa malengelenge. Mama Kadzo, aliyekaa safu ya mbele, akanitazama kwa huruma.

"Bwana shamba, tunda lenyewe ulilifanyaje?"

"Nililitupa, mama."

"Haya, keti. Leo tutakufundisha sisi."

Nawe usione haya kuuliza. Ukipewa bibo, izungushe korosho mpaka ing'oke, iweke kando ichomwe baadaye, kisha ule tunda.