Mzunguko wa Ishirini na Sita

Huko Kaptagat, kocha hupima mbio akiwa pekupeku. Neva za nyayo zake huwaka kama aliyekanyaga makaa, hata soksi humfanya aume meno. Nyasi zenye umande ndizo pekee anazozivumilia. Dawa hutuliza moto huo lakini humlaza kama mtoto mchanga. Wiki iliyopita alisinzia kwenye stuli, mdomo wazi, na wasichana wakamaliza mita elfu kumi wakaongeza mzunguko mzima, maana hapa hakuna anayesimama kabla kocha hajasema, "Imetosha!"

Leo mmoja wao, Jepchirchir, anatafuta muda wa kufuzu mashindano ya taifa, kwa hivyo kidonge cha asubuhi kimebaki mfukoni mwa kocha. Kocha anainua mguu mmoja, anautua, anainua mwingine, macho kodo, akihesabu mizunguko kwa sauti. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Msichana anakamilisha wa ishirini na tano, wa mwisho. Kocha anabonyeza saa, anaitazama, anapiga nduru, kofia inaruka juu. Sekunde nne chini ya muda uliotakiwa! Anacheka hadi machozi, na ile "imetosha" haijamtoka. Jepchirchir huyooo, anazidi kutimka. Kocha anakata katikati ya uwanja, mbio. "Simama! Umemaliza! Imetosha!"

Wanakutana kwenye kona, wote wakihema. Msichana anatazama chini, kwenye miguu mitupu ya kocha.

"Kocha, umekimbia!"

"Nyamaza," anamnong'oneza. "Miguu itasikia."