Kaushio la Dagaa la Ikola

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa sita katika ofisi ya mradi pale Mpanda: Profesa, ambaye ndiye Mkuu wa Mradi; Meneja wa kiwanda cha kufungasha dagaa; Kulwa, mhandisi; Zainabu, mtaalamu wa masoko; Mzee Kasanda, dereva; na mimi. Kulwa na Zainabu walikuwa bado wanasomea uzamivu, yaani udaktari wa kitabu, si wa sindano. Mimi niliishia darasa la sita. Wazazi walipofariki nilikuwa dada mkubwa katika watoto wanne, nikachuuza samaki Ikola mpaka wadogo zangu wakamaliza shule. Cheo changu kilikuwa mratibu wa nyanjani: kutafuta nyumba, kuitisha vikao, kutafsiri Kibende.

Utaratibu wa Profesa sijauona kwingine. Kila mwanafunzi alikuwa na walezi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kiwandani, na alilazimika kuifanya kazi ya mwenzake. Kulwa alikaa gulioni akiuliza wanunuzi maswali; Zainabu alishika nyundo.

Kulwa alijenga kaushio la majaribio ufukweni Ikola, banda refu la nailoni lenye vichanja vya kuanikia ndani. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, mwezi usipowaka, na mzigo ukikutana na mvua unaoza. Mama Riziki, kiongozi wa waanikaji, alitoa dagaa wake wa majaribio. Walikauka upesi, bila mchanga, lakini wanunuzi waliwapita. Zainabu ndiye aliyegundua sababu: joto la banda liliua mng'ao, na dagaa asiyeng'aa huhesabiwa wa zamani.

"Hawa wameshaiva, shemeji," Mama Riziki alimtania Kulwa. "Tusonge ugali tu?"

Kulwa hakucheka. Vipimo vyake vya unyevu vilitosha kumpa udaktari. Kama angelibomoa, angeanza upya, na msimu wa mwisho uliogharamiwa na kiwanda ulikuwa unaisha.

"Kaushio linakausha," Meneja alisema. "Unataka nini tena, bwana?"

"Nataka dagaa wauzike."

Profesa, mlezi wake wa chuo, alinyamaza makusudi, kijana aamue mwenyewe. Meneja akakuna kichwa. "Haya. Na mimi ni mlezi wako. Nitakuombea msimu mmoja zaidi."

Dagaa wengine wangetoka wapi? Nilirudi kwa Mama Riziki, nikamwambia kaushio likifaulu, la kwanza la kudumu litajengwa kwao Ikola.

"Neno hilo ni la nani?"

"Langu."

Akatoa.

Kulwa alifungua banda pande mbili upepo upite. Dagaa walichelewa kidogo kukauka, lakini walitoka wanang'aa kama sarafu mpya, na gulioni hawakulala. Akapata udaktari wake, na Zainabu naye akapata wa kwake. Mimi nilihamishiwa Sibwesa kwa watafiti wa mahindi, kisha Sitalike. Nyie vijana mnaoanza sasa, ombeni mpate walezi kama wale wawili: mmoja alijua kunyamaza, mwingine alijua kubadili mawazo.

Nimestaafu. Makaushio yamejaa kiwandani Mpanda, na Daktari Kulwa anafundisha wengine. Ikola, tangu lile la majaribio liondolewe, hakuna hata moja. Mwezi uliopita nilimkuta Mama Riziki ameinama mchangani, anageuza dagaa, wingu limetanda.

"Nasikia umestaafu, dada," alisema bila kuinuka. "Na neno lako nalo limestaafu?"

Nilivua viatu, nikaanza kuzoa naye kabla mvua haijafika.