Nyimbo Tulizookota Iyula

Wiki iliyopita nilikuwa Tunduma, kwenye ile foleni ya malori isiyoisha, nikisubiri mzigo wangu. Dereva mmoja wa Zambia alikuwa amezima injini, miguu kaiweka juu ya dashibodi, anaimba kwa kufuatisha simu yake. Nilibaki nimeduwaa. Ulikuwa wimbo wa mwalimu wetu wa kwaya kijijini kwetu Iyula, na aliujua wote, Kiswahili chake kikivutwa na Kibemba. Nikamuuliza ameupata wapi. "Nilirushiwa na mshikaji, siku nyingi," akajibu. Mwili ulinisisimka, rafiki yangu, maana nawajua walioanza kuurusha.

Mwalimu yule alikuwa jirani yetu. Shamba lake la kahawa lilipakana na la bibi yangu, na nyimbo zake alizitunga akipalilia. Ungesikia jembe, kisha kimya, kisha mstari mmoja ukijaribiwa mara tatu, na sisi tuliokuwa tukianika mahindi uani tumeshaushika kabla yeye hajauridhia. Msimu mmoja aliuza kahawa yake yote akaipeleka kwaya studio Mbeya. Wakarudi na maboksi ya sidii. Mwalimu akasema hizo zikinunuliwa, ndipo watarekodi albamu ya pili. Nyimbo zake zilikuwa tayari kichwani.

Nilikuwa kidato cha pili. Binamu yangu alikuja likizo kutoka Tunduma na simu ya kupangusa, ya kwanza kuingia nyumbani kwetu. Jioni moja tukimenya viazi jikoni, moshi umetujaa machoni, akabonyezabonyeza, na sauti ya mwalimu ikatoka mle ndani. Kumbe kuna mtu alikuwa ameiweka albamu nzima mtandaoni. Niliacha kisu. Jirani yetu wa viatu vya mpira na matope, dunia nzima ingeweza kumsikia. Niliogopa kidogo, kwa furaha.

Bibi alikuwa mtu wa kukurudisha kwa jirani na hindi moja ulilochuma bila ruhusa, ukaombe radhi. "Mmemwomba mwenyewe?" akauliza.

"Bibi, wimbo ukichukuliwa haupungui," binamu akamjibu. "Ni masalia haya."

Kwetu, mwenye shamba akimaliza kuchuma kahawa, watoto waliruhusiwa kuingia na kuokota zilizobaki, na hakuna aliyewaita wezi. Bibi akafikiri, kisha akataka turudie ule wa mwanzo. Basi likizo nzima bando letu liliishia hapo. Tulishusha, tukawarushia wanafunzi wenzangu, makonda wa Vwawa, na yeyote mwenye simu. Tulijiona tunamfanyia mwalimu hisani.

Likizo ilipokaribia kwisha, likaja tamasha la kwaya Igamba, na mwalimu akabeba maboksi yake. Kwaya yetu ilipoanza tu, watu wote wakaimba nayo, wazee kwa watoto, bila kukosea hata neno. Mwalimu aligeuka akawatazama, mikono ikiwa bado juu, machozi yakimtiririka. Tangu nizaliwe sijaona jambo kubwa kama lile. Lakini baadaye, kwenye meza ya sidii, hakusimama mtu. "Tunazo, mwalimu," walimwambia kwa upole, wakimwonyesha simu.

Njiani kurudi binamu alishindwa kuvumilia, akakiri yote, pamoja na habari ya masalia. Mwalimu alihamishia boksi bega la pili.

"Wanangu," akasema, "masalia huokotwa mwenye shamba akishachuma. Mimi nilikuwa sijaanza."

Kisha akatushukuru kwa kuzifikisha nyimbo zake kwa watu. Alimaanisha kweli, na moyo ule mpaka leo unanishangaza.

Albamu ya pili haikurekodiwa. Maboksi yalikaa chini ya kitanda chake hadi alipofariki, na wanakwaya wakatawanyika, wengine wakaolewa ng'ambo ya mpaka. Binamu yangu na mimi sasa tunalipia nyimbo kwenye simu zetu, na vijana wa nyumbani wanatucheka kwa kulipia vitu vya bure. Siwagombezi sana, nitaanzia wapi? Mwanangu anazipenda zile za albamu ya kwanza. Akiniuliza za pili zilikuwaje, namwimbia ubeti mmoja niliousikia kutoka uani kwa bibi, maana ndio pekee ninaoukumbuka, na sijui kama yupo mwingine anayeujua.